Kete Mbili Nyumbani Kwake

Mgahawa wa mbele ya hospitali ulijaa hadi mlangoni mchana ule. Kiti pekee kilichobaki kilitazamana na fundi wa lifti, mwanamume mpana wa mabega, ovaroli ya buluu, na mbele yake ubao wa kete na dadu.

"Ukikaa hapo, dada, unacheza."

"Nacheza. Ila usije ukalia," alijibu muuguzi, sare yake nyeupe bado inanukia dawa.

Jamani, mtu yule alikuwa na pupa! Kila kete ya muuguzi iliyokaa peke yake aliila, hata kama zake zilibaki zimetapakaa ovyo. Muuguzi hakujibu fujo kwa fujo. Aliweka kete mbili pamoja ndani ya nyumba ya fundi, yaani robo ya ubao iliyo yake, maana zikiwa mbili haziliwi, akatulia. "Cheza tu," alimwambia kila zamu. Fundi akashambulia mpaka akabaki wazi, ndipo muuguzi alipomla mfululizo akashinda.

"Mama wee! Umenivizia, mrembo!"

"Umejileta mwenyewe, bwana mkubwa."

Wakapendana pale pale ubaoni. Pupa ya fundi ikahamia kwenye mapenzi: simu asubuhi, simu mchana, na haukupita muda akatamka.

"Laazizi, nataka kukuoa. Mwezi huu huu."

Muuguzi alimpenda, tena sana. Lakini alikwisha kuzika mume, na neno ndoa lilimtisha. Ulimi ukashika njia uliyoizoea. "Cheza tu."

Uso wa fundi ukamshuka. "Kumbe unanichezea?" Akaondoka, na simu zikakoma.

Muuguzi akasubiri, kwani kusubiri ndiko kulikompa ushindi siku zote. Kimya kilipozidi, akaelewa kwa uchungu kwamba mbinu ile humshinda anayekuja kwa nguvu tu, na huyu alikuwa haji tena. Akiendelea kukaa, atampoteza. Akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Kazini. Jengo la bima, ghorofa ya tano." Sauti kavu.

Lifti ilikuwa mbovu. Akapanda ngazi, viatu mkononi, akamkuta amepiga magoti, mikono imejaa grisi.

"Sikukuchezea," alisema akihema. "Niliogopa. Marehemu mume wangu nilimfumba macho kwa mikono hii. Naogopa kupenda hivyo tena, na wewe nimeshakupenda."

Fundi akainamisha kichwa. "Nilidhani hunitaki. Na nilikusukuma mno. Sasa nitangoja, mpenzi, hata miaka."

"Usingoje," alisema, machozi yakimtiririka. "Nioe."