Mti Aliouchagua Redempta

Kila Jumamosi Redempta alifagia uwanja wa shangazi yake kule Katandala, akachota maji bombani, akanywa uji wa ulezi, kisha akavaa sare ya skauti na kwenda shuleni kwa miguu. Alikuwa darasa la sita. Alikuwa amehamia Sumbawanga mjini mwaka uliopita tu, akitokea Kate, ambako baba yake alilima mahindi na kutundika mizinga ya nyuki porini.

Jumamosi hizo alizipenda, mpaka Violeth, skauti mwenzake, alipoziharibu. Ilikuwa kwenye gwaride. Redempta aliitwa mbele aseme ahadi ya skauti, na Kiswahili chake kikatoka na lafudhi ya nyumbani. Violeth, aliyesimama mstari wa mbele, akamwigiza neno kwa neno huku akibinua midomo. Kikosi kizima kikaangua kicheko. Tangu siku hiyo akaitwa "Kate-Kate": darasani, bombani, hata njiani kurudi nyumbani. Redempta alijifanya kucheka nao, lakini moyoni aliapa kwamba ipo siku Violeth naye angechekwa, tena mbele ya watu wale wale.

Siku hiyo ilikuja mwezi wa Julai. Mwalimu Hamida, mlezi wa skauti, aliwapeleka kupiga kambi ukingoni mwa nyanda za juu za Ufipa, pale nchi inapoporomoka kwa mawe na vichaka kuelekea Ziwa Rukwa. Hawakubeba mahema. Walibeba bembea za kulalia, yaani vitambaa vigumu vinavyofungwa kwenye miti miwili ili mtu alale juu juu, mbali na mawe na siafu.

"Kazi ni kupata mahali," mwalimu aliwaambia, akishikilia mtandio wake usipeperushwe. "Huku juu ni nyasi na upepo mtupu. Miti iko pale mteremkoni. Redempta, wewe umekulia porini, utatuchagulia. Mti unaofaa ufunge utepe mweupe. Na ninyi wengine, pasipo na utepe mtu asifunge bembea."

Redempta akateremka. Alilikwepa korongo, kwa sababu mawe huporomokea huko. Aliiacha miti yenye matawi makavu juu. Kila shina aliligonga kwa fimbo, na miti mizima ikamjibu kwa sauti nzito. Kisha akafika kwenye myombo mmoja uliosimama kando ya mwenzake mzima, mahali ambapo ziwa lote lilionekana. Akaugonga. Ukalia kama ngoma, ndani mtupu. Kwenye gome kulikuwa na udongo wa mchwa.

Alijua ni nani angepataka mahali hapo. Alitazama nyuma, akaufuta ule udongo kwa kiganja, akafunga utepe. "Utaanguka puu, kwa makalio," alinong'ona, na utamu wa neno hilo ukamjaa kifuani.

"Hapa pangu!" Violeth alipaza sauti mara tu alipofika. "Kate-Kate, leo umefanya la maana."

"Karibu sana," Redempta alijibu akitabasamu.

Akakaa juu ya jiwe, akangoja. Violeth alifunga bembea yake, akajilaza, akanyoosha miguu. "Jamani, njooni mnione! Nimekuwa malkia!" Wenzake wakakimbilia kumtazama. Redempta akaona wamekuja wote, wale wale wa gwaride, na furaha yake ikazidi.

Ndipo upepo ulipovuma kutoka bondeni. Ule myombo ukalia. Redempta alitazama pale kwenye kamba, alipotarajia gome bovu lingeachia, akaona pametulia. Ufa ulikuwa chini, karibu na mizizi, na shina zima lilikuwa linamwinamia Violeth. Alikuwa amewaza kuanguka kwa mtu. Kuanguka kwa mti hakukuwaza kabisa.

"Toka! Violeth, toka!"

Alimrukia, akamkamata mkono, akamvuta kwa nguvu zake zote. Wakabingirika kwenye nyasi. Nyuma yao mti ukaanguka kwa kishindo na kuigandamiza bembea juu ya mawe.

Wenzao wakapiga makofi na vifijo. Violeth alimkumbatia. "Umeniokoa, Redempta. Umeniokoa!"

Maneno hayo yalimchoma kuliko lile jina la kejeli. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Akajitoa mikononi mwa Violeth.

"Mwalimu, nilijua," alisema. "Niliugonga nikasikia uko mtupu. Nikaufunga utepe makusudi. Nilitaka aanguke achekwe, kama nilivyochekwa mimi."

Violeth alirudi nyuma. "Ungeniua!"

"Ndiyo," Redempta alisema huku machozi yakimtoka. "Nisamehe."

Mwalimu Hamida alinyoosha mkono, na Redempta akavua skafu yake ya skauti, alama ya ahadi aliyoivunja, akampa. Kisha mwalimu akauliza, "Na wewe ulichekwa na nani?"

Wote waliinamisha vichwa. "Nilianza mimi," Violeth alisema kwa sauti ndogo. "Lile jina nililianzisha mimi, na ninaomba radhi. Lakini kuhusu huu mti, Redempta, bado sijaweza kukusamehe."

"Nitangoja," Redempta alijibu.

Tepe zote zilifunguliwa. Mwalimu aliwachukua wasichana hao wawili, wakaanza upya, Redempta akigonga na Violeth akisikiliza, mpaka kila bembea ikapata miti mizima. Kisha mwalimu akawakusanya wote.

"Redempta alionewa, na mimi mlezi wenu sikuliona," alisema. "Mtu akikuumiza, sema waziwazi, udai haki yako. Ukiificha hasira, itakutuma kufanya jambo ambalo hukulikusudia. Wewe, Redempta, ulitaka kicheko tu, nusura tuzike mtu. Na mkumbuke wote: mwenzako akilala pale ulipomwambia ni salama, amekukabidhi uhai wake. Hata kama ni adui yako, huna ruhusa ya kuuchezea."