Dawa ya Lydie

Siku Ruphin alipokutana na Lydie, alikojolewa shati. Mapenzi yao yalianza hivyo, na asikudanganye mtu kwamba yalianza kwa maua. Mtumbwi wa mashine uliokuwa ukivusha watu kutoka Lubunga kwenda ng'ambo ya mjini ulikuwa umefurika: kuku, madumu ya mawese, wanafunzi, mama mmoja na godoro lake. Lydie aliingia wa mwisho, kitenge cha kijani kimemkaa sawasawa, nywele zimesukwa upya, mkono mmoja mtoto wa dada yake, mkono wa pili beseni la samaki wa moshi. Alimtazama Ruphin mara moja tu, akamtupia mtoto.

"Papa, nishikie kwanza huyu mutoto, nipange beseni."

"Papa? Miye ningali kijana, mama."

"Bon, kijana, shika muzuri basi. Huyu si téléphone."

Kweli Ruphin alikuwa na mfuko wa simu mbovu mapajani, maana kutengeneza simu ndiyo kazi yake. Kabla hawajafika katikati ya mto, shati lilikuwa limelowa mpaka tumboni. Mama wa godoro alipiga kigelegele. "Umebarikiwa! Mutoto akikukojolea, wako naye iko njiani!"

"Na mama yake, iko njiani pia?" Ruphin aliuliza, macho kwa Lydie.

"Uliza shati yako," Lydie alijibu, akageuka asionekane anavyocheka.

Harusi ikafungwa. Wakapanga nyumba Lubunga, wakapendana, wakagombana kwa sababu ya chumvi na redio kama watu wote. Lakini mwaka wa tano uliingia na shati la Ruphin bado kavu.

Hapo ndipo Mama Georgette, mama yake Ruphin, alipofika kutoka Yanonge na furushi la mizizi. Kila asubuhi alimjazia mkamwana wake kikombe cha bati, akasimama mbele yake mpaka amalize. Lydie alikunywa, akatapika, akanywa tena. Hakuishia hapo. Alikwenda hospitali ng'ambo, akatolewa damu, akapigwa picha ya kizazi, akameza vidonge vilivyomfanya alie bila sababu. Kila walichopima kilikuwa kizima. Mwishowe daktari, mama mmoja asiyepoteza maneno, alikataa kuanza matibabu mengine ya bei kubwa kabla hajampima mume.

"Chéri, docteur anasema na weye upime," Lydie alisema jioni ile.

"Miye? Niko na ugonjwa gani? Tangu unioe, umeniona nikilala na homa?"

"Weye njo ulinioa, Ruphin."

"Unaona? Umenichanganya hata maneno!"

"Hakuna mutu anasema uko mugonjwa. Ni kupima tu."

Ruphin aliinamia simu aliyokuwa ameifungua, akasahau kabisa kilichoiharibu. Aliogopa, na aliona haya kuogopa, na haya ile ikamtia hasira, na hasira hakujua aielekeze kwa nani. Alimpenda mke wake. Kwa nini basi sauti yake ilimkera jioni ile?

Mama Georgette alimpa njia ya kutorokea. "Alors, ile costume ya noko, mulimupa?"

Noko ni mjomba, ndugu wa mama yake Lydie. Desturi ya kwao ni kwamba mjomba ana fungu lake katika mahari, na asipopewa, moyo wake unabaki na kinyongo, na kinyongo hicho hufunga kizazi cha mpwa wake. Noko Zacharie alikuwa ameahidiwa suti siku ya mahari, na suti haikutoka. Ruphin alishusha pumzi kwa raha. Shida ilikuwa nguo! Akafungua kopo la maziwa walimoweka akiba ya hospitali, ile ya samaki wa Lydie na simu zake, akanunua suti ya kijivu na dumu la divai. Hakumwambia mkewe. Alitaka iwe surprise.

Na kweli ilikuwa surprise. Jumapili, Lydie alimwona mjomba wake akiingia kanisani katika suti mpya, kibandiko bado kimening'inia mkononi.

"Noko, umependeza! Nani amekupa?"

"Si ni bwana yako! Nimekubariki, mutoto wangu, moyo yangu ni mweupe pe! Lakini hata bila costume, sikukufunga. Ningekufunga ju ya nini?"

Lydie hakusubiri misa iishe. Nyumbani alitikisa kopo mbele ya Ruphin.

"Franga za matibabu yangu umevalisha noko?"

"Nilifanya ju yetu, chérie."

"Ulifanya ju ya kukimbia kipimo! Miye banipige picha, banichome sindano, nikunywe mizizi. Weye kitu kimoja tu, ukaona afadhali ununue costume!"

Akapanga vitenge vyake kwenye sanduku. Ruphin akabaki amesimama mlangoni. Kule kwao mke akiondoa vitenge, watu hawaulizi tena. Lydie akavuka, akarudi kwa mama yake, commune ya Tshopo.

Ruphin hakuelewa. Alikuwa ametimiza desturi, amemheshimu mjomba, na nyumba ndiyo imevunjika? Alimkasirikia Lydie mchana, na usiku akanusa mto wake wa kulalia. Alipiga simu, haikupokewa. Akapiga tena, na tena, mpaka jioni moja ikapokewa.

"Umekula?" Lydie aliuliza, bila salamu.

"Nimekula sombe ya mama."

"Ya mama haina chumvi."

"Haina. Rudi, chérie."

"Niambie kwanza kitu kimoja. Unaogopa nini?"

Ruphin alisikia vyura upande wake na vyura upande wa Lydie. "Naogopa ikuwe miye," alisema.

"Miye pia, hii miaka yote, nilikuwa naogopa ikuwe miye," Lydie alisema taratibu. "Nilienda tu."

Ruphin hakulala. Asubuhi alimpigia tena: anakwenda kupima, na kama ana huruma, amsubiri ng'ambo.

Maabara walitaka mbegu za kiume zifike kabla ya saa moja kwisha, na zisipoe. Choo chao kilikuwa hakina kufuli na foleni ilianzia mlangoni, kwa hiyo Ruphin alitoka na kichupa nyumbani, amekibana kwapani ndani ya shati. Mtumbwi ukachelewa kujaa. Mashine ikagoma, ikakubali, ikagoma.

"Papa, mukono inakuuma?" mama mmoja alimuuliza.

"Inauma, mama. Sana."

Ng'ambo, Lydie alikuwa akingoja matopeni, kitenge cha kijani kimepandishwa magotini. "Lete."

"Hapa? Mbele ya batu?"

"Lete, Ruphin, inapoa!" Akakitia kifuani, akafunga kitenge juu yake, wakapanda pikipiki moja, Ruphin nyuma.

"Usicheke," Ruphin alisema, amemshika kiuno.

"Sicheki."

"Unacheka, tumbo yako inatetemeka."

Majibu yalitoka alasiri. Mbegu chache, na nyingi hazina mwendo. Daktari aliandika dawa za miezi, kisha kipimo tena. Zikishindwa, kuna matibabu ya Kinshasa. Alipotaja bei yake, wote wawili waliangalia sakafu.

"Docteur, donc inawezekana ao haiwezekani?" Ruphin aliuliza.

"Sijui, papa. Tutaanza, njo tutajua."

Walivuka kurudi. Ruphin alishindwa kujua kama aliyekaa kwenye mtumbwi ni yule yule aliyetoka asubuhi. Lydie alikuwa ameshika mkono wake, na hata hilo hakujua kama ni msamaha au huruma, akaogopa kuuliza.

Uani Mama Georgette aliwasikia wakiingia, akainuka na kikombe cha bati.

"Umerudi, binti? Muzuri. Kunywa kwanza."

Lydie alinyoosha mkono, kama alivyozoea. Ruphin akamtangulia.

"Mama, hii dawa ni ya mugonjwa?"

"Ee, ya mugonjwa."

"Basi ni yangu. Mugonjwa ni miye. Lydie ni muzima, tangu mwanzo ni muzima."

Alisema kwa sauti kubwa. Jirani aliyekuwa akitwanga akasimamisha mchi. Ruphin akainua kikombe akanywa chote, koo likimkataa, dawa ikimtiririka kidevuni.

"Ruphin! Ile ni ya kusafisha kizazi!"

"Njo hii Lydie anakunywa kila asubuhi?" Machozi yalimtoka. "Iko uchungu sana, mama."

Mama Georgette akaketi. Alimtazama mkamwana wake. "Mutoto yangu," alianza. Akakokota sufuria ya mizizi na kuimwaga nyuma ya nyumba.

Lydie alishika pembe ya kitenge, akampangusa mumewe kidevu, kisha kifua.

"Tazama," alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Shati imelowa tena."