Harufu Tu

Siku Somoe anakutana na Fikirini, alikuwa amesimama mbele ya duka la nyuzi katika soko kuu la Mtwara, baibui jeusi, ushungi wa damu ya mzee, na chafya zimempanda hata bei ya uzi hawezi kuuliza.

"Alhamdulillahi," alisema baada ya chafya ya kwanza.

"Yarhamukillahu," mtu akamjibu kutoka nyuma.

Ya pili akajibiwa, na ya tatu. Alipojibiwa ya nne akageuka. Kijana mrefu, shati limepauka mabegani, mashine ya kupulizia mikorosho salfa ameibeba begani na nyusi zake zote njano kwa dawa.

"Kaka, zikizidi tatu hujibu tena. Unasema tu huyu ana mafua."

"Mimi sijachoka kukuombea. Wewe umechoka?"

Somoe akacheka, na kicheko kikaleta ya tano.

"Au ni hii mashine yangu inakusumbua? Nisogee?"

"Aa, vumbi tu la soko. Baki hapo hapo."

Halikuwa vumbi, na yeye alijua. Kila mwaka mikorosho ikianza kuchanua, tangu Juni mpaka Septemba, macho yalimwasha, pua ikawa mfereji, na kifua kikambana hadi apumue kwa mluzi. Daktari alishamweleza: ni pumu, na kinachoiamsha ni chavua, ule unga mwembamba wa maua unaopeperuka na upepo. Akampa pampu ya kuvuta akizidiwa. Lakini msichana gani atamtajia pumu mwanamume aliyetoka kumwombea dua mara nne?

Wakapeana namba. Fikirini aliishi Madimba na mama yake, Bi Mwanahamisi, wakitunza mikorosho mia mbili aliyoiacha marehemu baba. Somoe alikuwa fundi cherehani Likombe, pale mjini. Mchana, cherehani ikinyamaza, simu ililia.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Muongo! Nakusikia unatafuna."

"Muhogo huo, laazizi. Mdomo na muhogo, moyo na wewe."

Ijumaa akishaswali alimfuata mjini na kanzu yake nyeupe inayonukia udi, wakanywa juisi ya ukwaju, wakataniana mpaka jua likapoa. Maua yalipopukutika Somoe alipumua vizuri, akanenepa kwa raha. Mwaka ukazunguka, Julai ikafika, na Fikirini akatamka lile Somoe alilokuwa akilisubiri.

"Mama anataka kukuona. Akikuridhia tu, barua ya posa inakuja kwenu."

Somoe hakutaka kitu kingine duniani zaidi ya barua hiyo. Mama yake mzazi, Bi Safina, alimkalisha jikoni. "Habari za kifua usiziguse. Wakisikia pumu watasema ukoo wetu una maradhi. Olewa kwanza, watakuja kujua wakishakuzoea." Na Somoe, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, akatii.

Akaenda Madimba na gauni jipya la kitenge cha bluu alilolishona mwenyewe. Mikorosho ilikuwa imechanua mpaka kwenye mlango wa uani, na alfajiri hiyo walikuwa wamepulizia salfa. Fikirini alikuwa bado shambani; Bi Mwanahamisi alimpokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Karibu, jisikie kwako."

Mkeka ukatandikwa, ugali wa makopa ukaletwa na samaki wa nazi. Makopa, muhogo uliovundikwa na kukaushwa, yana harufu yake, na watu wa mjini huwacheka sana watu wa mashamba kwa harufu hiyo. Bi Mwanahamisi alilijua hilo, lakini ndicho chakula chake bora, alikitwanga mwenyewe. Sahani ilipofunuliwa ndipo upepo ulipovuma kutoka shambani. Somoe akasikia koo linakaza. Akavuta ushungi, akaziba pua, machozi yakimtoka.

"Mbona unaziba pua, mkwe?"

Pampu ilikuwa ndani ya mkoba. Angeitoa tu, mambo yangeisha. Akakumbuka maneno ya mama yake kule jikoni.

"Ni harufu tu, mama. Itapita."

Alimaanisha harufu ya maua. Bi Mwanahamisi akaifunika sahani taratibu, akasema amemsikia, akainuka kwenda ndani. Hakutoka tena.

Jioni ile simu ililia, na safari hii hakuitwa fundi wangu.

"Mama hajala tangu mchana. Umemwambia chakula chake kinanuka?"

"Fiki, sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha nini? Sema."

Somoe alikuwa na woga wa kipumbavu, na aliona afadhali aitwe mwenye maringo kuliko aitwe mgonjwa.

"Basi," Fikirini akasema, akakata.

Wiki nne hakupiga. Katika ya tano, Somoe akabanwa kifua juu ya cherehani, na dereva wa bajaji aitwaye Dickson akamkimbiza hospitali. Dickson na Fikirini walifahamiana, na habari kwamba ana pumu ya chavua ikafika Madimba. Ijumaa Fikirini akabisha hodi Likombe. Ameoga, amevaa kanzu yake nyeupe, lakini amepita katikati ya maua, na alipoketi karibu Somoe akaanza kupumua kwa mluzi. Fikirini akausikia. Akainuka, akasogeza kiti mpaka mlangoni.

"Kumbe ndiyo hii, wala si makopa," alisema, sauti imemkauka. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenichukua?"

"Ningekuchukua! Ningehamia mjini, msimu wa maua ningekuwa nakwenda shamba na kurudi. Nisamehe, laazizi."

"Nimekusamehe. Na mimi nisamehe, na mama pia aniwie radhi." Moyo ulimruka kwa furaha. "Basi mwambie alete barua."

Fikirini akatazama chini.

"Barua ilishakwenda Nanguruwe, kwa binti mmoja, Zainabu. Mama alinitajia huyo siku ya pili baada ya wewe kuja. Nilikuwa na hasira, nikaitikia. Wamejibu. Ndoa ni mwezi wa kumi." Kisha haraka haraka: "Lakini nitaivunja, Somoe. Sema neno moja tu, kesho naivunja."

Somoe akavuta pampu, akasubiri kifua kifunguke.

"Zainabu amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Watu watamuuliza ana kasoro gani hata ameachwa na posa mkononi. Atajibu nini? Nenda kamuoe, Fiki. Ukiwa na jambo na yeye, muulize mara ya pili kabla hujakata simu."

Fikirini alisimama pale mlangoni, analia waziwazi. Somoe hakumsindikiza.

Bi Safina alitoka uani akifuta mikono kwenye kanga, uso unameremeta. "Nimesikia sauti yake. Wanaleta lini barua?"

"Hawaleti. Anaoa Nanguruwe."

Bi Safina akakaa kitako kwenye kile kiti cha mlangoni. "Mwanangu, mimi nilikuwa nakusitiri."

"Ulinisitiri, mama," Somoe alisema. "Umenisitiri mpaka nimebaki."