Mkwaruzo Kwenye Jiwe la Kijani

Kila siku baada ya shule, Chiriku alifungua karakana ya shangazi yake, mkata vito, kwa ufunguo aliopewa mwenyewe. Alifagia vumbi la mawe, akabadilisha maji ya gurudumu la kusugulia, kisha akafanya kazi za shule. Jina la Chiriku alilipata kwa haki kabisa, maana mdomo wake haukujua likizo.

Siku hiyo alifuatana na rafiki yake wa darasani. Shangazi alikuwa ametoka kununua gundi. Kwenye trei kulikuwa na jiwe moja la kijani linalong'aa. Lilikuwa la muuguzi wa zahanati, aliloachiwa na marehemu mama yake, na jioni hiyo angekuja kupimwa kidole ili litiwe kwenye pete.

"Hiyo ni zumaridi," Chiriku alijigamba.

"Zumaridi wapi! Kipande cha chupa hicho."

"Chupa? Ngoja uone. Zumaridi haikwaruzwi na kwatzi."

Akachukua kwatzi, jiwe jeupe ambalo shangazi alilitumia kupimia ugumu wa mawe ghafi, akalipitisha juu ya jiwe la muuguzi. Krrr! Mstari mweupe ukabaki katikati. Aliufuta kwa kidole, kwa mate, kwa upindo wa sketi. Haukutoka.

"Mimi sijaona kitu," rafiki yake akasema, akatimua mbio.

Chiriku aliligeuza jiwe kifudifudi, akafungua daftari. Aliogopa, maskini. Tena alimwonea huruma muuguzi, aliyelileta limefungwa kwenye leso.

Shangazi aliporudi alimshangaa. "Leo umemeza ulimi?"

Kabla hajajibu, muuguzi akabisha hodi. Shangazi akanyoosha mkono kwenye trei.

"Shangazi, ngoja!" Chiriku akaangua kilio. "Nimelikwaruza kwa kwatzi. Nilitaka kuonyesha kuwa ni zumaridi. Dada, nisamehe."

Muuguzi alilitazama jiwe, macho yakamlowa.

"Jiwe lililokwisha kung'arishwa halikwaruzwi," shangazi alisema kwa ukali. "Nilikuwa nikikusubiri, dada, nilipime mbele yako." Akalipima uzito nje ya maji, kisha ndani ya maji, akalichungulia kwa lenzi. "Hii si zumaridi, ni nzito mno kwa ukubwa wake. Ni apataiti, madini ya fosfeti."

"Kumbe mama alidanganywa?"

"Jiwe hili limewadanganya wengi, hata jina lake kwa Kigiriki lina maana hiyo. Hupatikana kwenye miamba iliyopoa kutoka moto wa ardhini, na jamaa zake wamo kwenye tabaka za bahari za kale, ambako watu huchimba mawe ya kutengenezea mbolea. Hata meno yetu yana jamaa yake. Ni zuri, ila ni laini. Kwa kazi yako ya mikono, kwenye pete lingechakaa upesi. Tulifanye kidani."

Muuguzi akatabasamu huku akifuta machozi. "Litakaa karibu na moyo. Mama angependa."

Shangazi akausugua mkwaruzo polepole mpaka ukaisha, Chiriku akilimwagia jiwe maji. Jiwe lilipungua kidogo tu.

Muuguzi alipoondoka, Chiriku aliutoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani.

"Chukua ufunguo wako," shangazi akasema. "Kosa umefanya, na Jumamosi utasugua sakafu yote. Lakini jiwe limesema kweli baada ya kukwaruzwa. Wewe umeisema kabla hujaulizwa. Mtu wa hivyo ndiye ninayeweza kumwachia mlango wangu."