Waya wa Nne

Jioni ile tulitoka ukingo wa kreta tukimpeleka mke wangu, Bernadina, hospitali Karatu. Uchungu ulimshika tangu asubuhi na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Dereva alikuwa rafiki yangu Felisiani, mwenye gari bovu na mdomo mzima. Mimi ndiye fundi wake. Nilimwambia gari hilo likifikishwa mahakamani, mimi nitatoa ushahidi dhidi yake. Bernadina akacheka, akashika tumbo, akaniomba nisimchekeshe.

Ukungu ukashuka. Kando ya barabara alisimama mama mmoja, amejitanda shuka jeusi. Msitu ule una nyati, mtu hapitwi. Akapanda nyuma, karibu na mke wangu. Alinuka majivu yaliyolowa.

Nilimwamkia. Hakuitika.

Mbele kidogo gari likaanza kumisi, likinguruma kwa kukatikakatika... tuk... tuk... Mlima ukalishinda.

Nikafungua boneti. Injini ya silinda nne haina siri: iache ingurume, chomoa nyaya za plagi mmoja mmoja. Mlio ukidhoofika, silinda hiyo ni nzima. Usipobadilika, umempata maiti.

Nikachomoa wa kwanza. Injini ikayumba. Felisiani, aliyekuwa akinitania dirishani, akakatika katikati ya neno, mkono kifuani. Nikarudisha. Akavuta pumzi.

"Acha maigizo," nikamwambia.

Hakuwa akiigiza.

Wa pili. Injini ikayumba, na kilio cha Bernadina kikazimika.



Nikaurudisha haraka. Akalia tena. Sijawahi kufurahia kilio kama kile.

Lakini bila kuijua silinda mbovu hatukuwa na njia ya kupanda. Nikachomoa wa tatu, kifua changu mwenyewe kikafunga. Nikauangukia waya, ukarudi mahali pake kwa uzito wangu.

Wa nne... injini haikubadilika. Hata kidogo.

Niliinua macho. Vioo vyote vilijaa mvuke wa pumzi. Dirisha la yule mama lilikuwa kavu.

"Huo ni wangu," sauti ikanong'ona sikioni. Alikuwa kando yangu; sikumwona akishuka. "Uwashe, fundi. Baridi imenichosha."

Plagi ya akiba ilikuwa mfukoni. Ningeweza kuiacha humohumo.

"Baba Sylvesta," Bernadina akaniita, taratibu. "Mtoto hachezi tena."

Sikuthubutu kuzima injini. Nikafungua plagi ya zamani huku inanguruma, upepo wa silinda ukinipuliza usoni, unanuka majivu. Nikafunga mpya.

Silinda ya nne ikashika. Mama akakohoa kwa muda mrefu, kama mtu aliyetolewa majini.

Tulifika. Mtoto akatoka mzima. Yule mama akashuka langoni, mvuke ukimtoka mdomoni, akaelekea sokoni kama mtu yeyote.

Miaka ikapita, Felisiani akaliuza gari kwa Hamidi, mfanyabiashara wa Malambo. Mwezi uliopita Felisiani alianguka mezani, tonge mkononi, hakuinuka tena. Jana nilikutana na Hamidi mnadani. Alilalamika kwamba fundi wake, mwezi uliopita, alichomoa waya wa kwanza ukamkatikia mkononi. Tangu hapo gari linatembelea silinda tatu. Nyaya zote zimezeeka, alisema, leo hii atazibadilisha.

Nilimsihi asiziguse. Akacheka. Amenizoea kwa mizaha.

Bernadina yuko jikoni, anaimba. Sasa amenyamaza. Labda anaonja mchuzi.

Namsubiri aendelee.