Kikopo Kisichopoa

Kikopo kilikataa kupoa.

Miwani, mtaalamu wa maabara, alimpigia simu mshonaji mmoja akinong'ona kama mtu aliyejificha uvunguni. "Dada, mumeo alileta mbegu zake juzi. Kwa kawaida hazimalizi siku, zinakufa. Hizi bado zinaogelea. Na kikopo kina joto kama chai."

"Labda umekiweka juani."

"Kipo kwenye friji, dada."

Mshonaji alicheka, ila kicheko kilimkauka mdomoni. Miaka sita ya ndoa bila mtoto. Damu alitolewa, mirija ya uzazi alipigwa picha, na kila jibu lilimwambia hana tatizo. Zamu ya mumewe ilipofika, kinyozi yule mwenye maneno mengi kuliko nywele za wateja wake alizungusha miezi minane. Na mama mkwe alishatamka: jibu la mwanangu likiwa zuri, huyu tasa arudi kwao.

Alirudi kwenye cherehani. Ndipo aliposikia harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ikitoka chumbani. Kisha ndara za mumewe sakafuni, pa, pa, pa.

"Umerudi mapema?"

"Nimerudi, mke wangu. Njoo."

Simu ikalia mapajani. Alikuwa mumewe, dukani, mashine ya kunyolea ikinguruma. "Bibie, leo tunakula nini?"

Ndara zile zilikuwa zimeanza kuja, polepole, kama za mwenye nyumba, na pazia la mlango likavimba kama nguo inayovaliwa, likapumua, likashuka, likapumua tena, na joto likamfikia magotini, kiunoni, shingoni, na ile sauti ikasema sikioni mwake, "Jina langu liko kwenye kikopo," naye akatoka mbio, pekupeku, gauni la mteja likiburuzika nyuma yake.

Kinyozi alimsikiliza mpaka mwisho, wembe mkononi. Akamvuta nyuma ya duka.

"Usipige kelele. Siku ile niliogopa. Nikiambiwa mimi ndiye mbovu, uso nitauficha wapi? Pale maabara, chooni, nilimkuta mwanamume ananawa mikono. Nikamwomba anijazie."

"Ukampa mtu usiyemjua kikopo chenye jina lako?"

"Hakudai kitu. Alisema tu: nikijaza mimi, mume ni mimi, mpaka mwenye jina akatae mbele za watu. Nilidhani ananitania. Yale maji, mke wangu, hayakumlowesha mikono."

Mshonaji alimweleza Miwani kila kitu. Miwani hakucheka. "Aje kesho aseme si chake. Nitakimwaga hapo hapo."

Asubuhi benchi la maabara lilijaa watu, na mama mkwe alikuwa ametangulia, mkoba kifuani, kuja kusikia jibu kwa masikio yake. Miwani alitoka amekibana kikopo kwa koleo, mvuke ukifuka. Watu wakaziba pua.

"Hiki ni cha nani?"

"Sema," mshonaji alimnong'oneza mumewe. "Neno moja tu, baba. Nitakaa na wewe hata bila mtoto."

Kinyozi alisimama. Mdomo ukafunguka.

"Mwanangu huyo!" mama mkwe aliwaambia wa pembeni. "Waonyeshe, baba. Dume halijifichi."

Kinyozi alimtazama mama yake. Mdomo ukafungika.

Mlango wa choo ukalia. Mwanamume akatoka, na uso wake ulikuwa uso wa kinyozi, mpaka kovu la kidevuni.

"Changu," alisema.

Mama mkwe aliinuka, akampita mwanawe kama mtu anavyopita kiti, akamkumbatia yule mwingine. Mshonaji aligeuka kumshika mumewe mkono. Vidole vikashika hewa. Hakuna aliyekuwa amesimama pale. Alipiga kelele, watu wakamwangalia kwa tabasamu, wakidhani ni furaha.

"Mama," yule mwanamume alisema, akimtazama mshonaji juu ya bega la mama mkwe, "wajukuu wako njiani."

Mama mkwe akapiga kigelegele, na benchi zima likamwitikia.