Nyayo Nne Chini ya Gunia

Kwa miaka tisa, asubuhi za nyumba ya fundi sakafu zilianza namna moja. Baba alikunywa chai akiwa amesimama, mwiko wake wa chuma umechomekwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Mama aliwahi karakana ya ushonaji. Bibi, ambaye ni mama yake Baba, alichukua kikapu na kwenda sokoni mapema, kabla wengine hawajachagua nyanya nzuri. Na Saruji, mbwa wa kijivu kama jina lake, alikaa mbele ya geti, masikio juu, akingoja neno moja tu kutoka kwa Baba: "Twende."

Binti wa nyumba hiyo alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alimwita Pimamaji, kwa sababu tangu mdogo ndiye aliyembebea chombo cha kupimia usawa wa sakafu, kile kipande kirefu cha chuma chenye kichupa cha maji katikati na kipovu kinachotembea ndani yake. Siku za likizo alifuatana na Baba kazini, na huko aliona jambo ambalo wateja walilisimulia mtaa mzima. Saruji hakukanyaga zege bichi hata siku moja. Kuku walikanyaga. Watoto walikanyaga. Kuna siku mwenye nyumba mwenyewe, na viatu vyake vipya, alizama mpaka kwenye soksi. Lakini Saruji alilala pembeni, kidevu juu ya miguu, akiangalia mwiko ukienda na kurudi, kama mwalimu anayesahihisha madaftari.

"Huyu angekuwa na vidole," Baba alipenda kusema, "mimi ningekuwa nyumbani nimelala."

Basi Jumatatu moja, kabla jua halijachomoza vizuri, Baba alimwaga kizingiti kipya kwenye geti lao wenyewe. Watu walikuwa wamemtania vya kutosha kwamba anatengeneza sakafu za mtaa mzima huku kizingiti chake kinawang'oa wageni kucha. Alikipiga mwiko hadi kikang'aa, akaweka ubao juu yake wa kuvukia, akanawa mikono.

"Leo Saruji anabaki," alisema. "Mwenye kazi yangu anaogopa mbwa, na malori ya mchanga yanapita barabara ya hapo mbele wiki nzima. Geti lifungwe, komeo liingie mpaka mwisho. Mnanisikia?"

"Tumesikia," wote walijibu.

"Na Mama," akamgeukia Bibi, "ukirudi sokoni, nifunikie kizingiti na magunia yaliyolowa. Yasifunuliwe mpaka siku saba ziishe. Pimamaji atayamwagia maji asubuhi na jioni."

Kila mtu akashika njia yake. Bibi ndiye aliyetoka mwisho, saa mbili.

Saa nne, wakati wa mapumziko, Pimamaji aligundua kwamba daftari lake la hesabu limebaki nyumbani, na mwalimu angekusanya madaftari baada ya kengele. Alikimbia kwao. Akavuta komeo, akapita juu ya ubao kwa nguvu hata ubao ukateleza ukaangukia pembeni, akachukua daftari, akakiruka kizingiti, akatoka mbio. Saruji alikuja hadi getini akitikisa mkia.

"Kaa hapo!" alimwambia bila kugeuka, akalivuta geti nyuma yake.

Hakusikia komeo likilia ta! Alichosikia ni kengele ya shule.

Aliporudi saa tisa, alikuta watu wachache wamesimama uani. Saruji alikuwa amelazwa chini, amefunikwa khanga ya Bibi. Muuza mboga wa kona ndiye aliyemleta kwenye toroli lake, kutoka barabarani kwenye malori. Pimamaji alipiga magoti akamshika sikio. Lilikuwa bado laini kama zamani, lakini halikugeuka kumsikiliza. Jambo hilo dogo lilimshangaza kuliko kitu chochote alichowahi kuona. Mbwa yule yule, manyoya yale yale, kovu lile lile puani, na mwenyewe hayupo.

Baba alirudi, akachimba shimo nyuma ya nyumba. Alipojipangusa uso, mikono yake yenye vumbi ilimwachia michirizi ya kijivu mashavuni. Hakuna aliyewahi kumwona hivyo.

Ndipo Bibi aliposema.

"Ni mimi. Nilitoka saa mbili, nikarudi saa tano nikakuta geti li wazi na ubao umeanguka. Mimi ndiye niliyetoka mwisho. Akili yangu imekwisha, wanangu."

"Usiseme hivyo, Mama," Baba alijibu. "Ni bahati mbaya." Lakini hakusema, "Si wewe."

Pimamaji alifungua mdomo. Ulimi ukawa mzito kama umemwagiwa zege. Akaufunga.

Kuanzia siku ile Bibi hakwenda sokoni. Ufunguo wa kufuli ya usiku ya geti, aliokuwa akiufunga kwenye pindo la khanga, alimkabidhi Mama. Alikaa kitandani, akaacha hata kuwatania majirani, yeye ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu cha jikoni. Jumatano jioni Pimamaji alimsikia Mama akizungumza kwa simu na Shangazi.

"Njoo Jumamosi umchukue, wifi. Huko kwako kuna watu mchana kutwa. Hapa tunatoka wote, na tukimwacha peke yake, leo ni geti, kesho ni moto jikoni."

Bibi alikuwa akisikiliza chumbani. Hakubisha. Na Pimamaji alijua vizuri kwamba nyumba ile Bibi aliijenga yeye na Babu, tofali kwa tofali, na alikuwa akisema kila mara kwamba kutoka humo atatoka amebebwa.

Shuleni nako hakukuwa na nafuu. Rafiki yake wa dawati moja, ambaye darasa zima walimwita Kasuku kwa maneno mengi, alimwambia, "Pole jamani. Lakini si siku ile ile ulikimbia kwenu saa nne? Hukumwona Saruji?"

"Nilimwona," Pimamaji alijibu.

"Sasa geti…"

"Hebu niache, Kasuku!"

Kasuku akanyamaza, na kunyamaza kwa Kasuku kulimtisha Pimamaji zaidi ya maneno yake.

Ijumaa jioni alichukua ndoo kwenda kumwagia magunia kama alivyoagizwa. Upepo ulikuwa umevuma na kukunja gunia moja upande. Aliinama kulirudisha.

Kwenye zege kulikuwa na nyayo.

Mbili za kwanza zilikuwa zimekaa sambamba, karibu kabisa na ukingo wa ndani. Halafu moja mbele yake. Halafu nyingine, kwenye ukingo wa nje. Kila kidole kilikuwa mahali pake, kila ukucha umechora kitundu chake, na kwenye mguu wa kushoto ulionekana hata ule ufa wa pale Saruji alipokatwa na bati miaka mitatu nyuma. Bibi alikifunika kizingiti kwa macho yake yenye ukungu, hakuona kitu. Siku tano Pimamaji mwenyewe alikuwa akizimwagia maji nyayo zile, akizitunza bila kujua.

Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya ule wa kwanza. Ulikuwa baridi na mgumu kama jiwe. Kiumbe aliyetembea bila hata kuamsha vumbi, aliyeondoka bila sauti, alikuwa ameacha hapa mguu wake, na ungekaa hata baada ya yeye Pimamaji kuzeeka. Alihisi kama ameingia mahali pa kuvua viatu.

Halafu akaelewa zile mbili za sambamba. Saruji alifika ukingoni akakuta ubao haupo. Akasimama. Mbwa ambaye hajakanyaga zege bichi miaka tisa alisimama hapo akaangalia upande aliokimbilia Pimamaji.

Akakanyaga.

Pimamaji aliiacha ndoo hapo hapo, akaingia chumbani kwa Bibi. Bibi alikuwa akikunja nguo zake na kuzipanga kwenye begi, moja moja, polepole.

"Bibi."

"Nakusikia, mjukuu wangu. Nipe ile sweta. Huko kwa shangazi yako asubuhi kuna baridi."

"Bibi, ni mimi niliyeacha geti wazi."

Bibi alibaki amenyoosha mkono kuipokea sweta.

"Nilirudi saa nne kuchukua daftari. Ubao niliuangusha mimi. Sikurudisha komeo. Nilijua tangu siku ile ile, nikanyamaza."

Kisha Bibi akauliza swali ambalo Pimamaji hakulitegemea.

"Ulipofika saa nne, geti ulilikutaje?"

"Limefungwa, Bibi. Komeo lilikuwa limeingia mpaka mwisho. Nililivuta mwenyewe kwa mikono miwili."

"Sema tena."

"Komeo lilikuwa limeingia mpaka mwisho."

Bibi alikaa kitandani kwa kishindo hata begi likaanguka. Alicheka, halafu machozi yakamtoka, halafu uso wake ukawa mkali.

"Siku tano! Wewe mtoto, siku tano! Unajua kila nikiamka nafanya nini? Nataja majina ya wajukuu wangu wote, mmoja mmoja, nione kama bado yapo kichwani. Jana nilisahau la mmoja kidogo tu, nikasema, haya, ndiyo mwisho wangu huo unakuja. Na wewe upo hapo, unanimiminia chai, unanitazama!"

Pimamaji alilia tu, na Bibi alimwacha alie. Hakumkumbatia haraka. Alipoona imetosha, akaita kwa sauti yake ya zamani, ile ya kufukuza mbuzi wa jirani:

"Fundi! Njoo hapa!"

Baba alikuja mbio, mwiko mkononi bado una saruji mbichi. Pimamaji alirudia yote mbele yake, hakupunguza kitu. Aliposema habari ya nyayo, Baba aligeuka akatoka nje. Wakamfuata. Akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya katika kazi yake yote: aliyafunua magunia siku mbili kabla ya wakati.

Alipiga magoti, akaingiza ncha ya kidole kwenye unyayo, akapima kina chake taratibu.

"Saa nne," alisema. "Saa nne, au imepita kidogo."

"Umejuaje?" Pimamaji aliuliza.

"Zege nilimwaga saa kumi na mbili na nusu. Saa mbili, Mama anatoka, lilikuwa kama uji mzito. Angekanyaga wakati ule angezama kidole kizima na kingo zingebomoka. Huu umeingia kidogo tu na kingo zimesimama. Lilikuwa limeanza kushika." Akainua uso kumtazama mama yake. "Mama, nisamehe. Ulisema ni wewe, na mimi nikakubali upesi. Ningefunua gunia siku ile ile ningejua."

"Ulikuwa unachimba kaburi, mwanangu," Bibi alisema. "Basi."

Wote watatu wakabaki wanaziangalia nyayo. Jua la jioni liliziingia kwa pembeni, zikajaa kivuli, zikaonekana kama zimekanyagwa sasa hivi na mwenyewe yuko nje ya geti, anarudi.

"Miaka tisa," Baba alinong'ona. "Hakuniharibia kazi hata mara moja. Hii moja tu."

"Alikuwa ananifuata mimi," Pimamaji alisema.

Baba hakumkatalia. Alimwekea mkono begani.

"Utaziba, Baba?"

Fundi ambaye watu walisema sakafu zake ni kama kioo alikitazama kizingiti chake chenye mashimo manne, mbele kabisa, mahali ambapo kila mteja angepita. Akatikisa kichwa.

"Hii haizibwi. Sasa nisikilize, mwanangu. Zege likiwa bichi, kosa unalifuta kwa mwiko, mara moja, hakuna anayejua. Likishashika, linataka nyundo na patasi, na linaumiza mkono. Jumatatu jioni neno lako lilikuwa bichi. Ungesema, tungelia pamoja kwa ajili ya Saruji, yangeisha. Umesema Ijumaa, na Bibi yako ameumia siku tano. Lakini umesema mwenyewe kabla hujaulizwa, na begi bado halijatoka getini. Hilo nimeliona."

"Na mimi nimeliona," Bibi alisema, "ila adhabu yake iko pale pale. Kesho utaiona."

Usiku ule Mama, baada ya kusimuliwa yote, alimpigia Shangazi kumwambia asihangaike. Bibi alimnyang'anya simu. "Njoo tu! Ila uje kutembea, si kunibeba kama gunia la viazi!"

Jumamosi asubuhi Bibi alifunga ufunguo wake kwenye pindo la khanga, akachukua kikapu, akamwita Pimamaji. Walikwenda moja kwa moja mpaka kwa muuza mboga wa kona. Mwanamke huyo alipomwona Bibi alianza kuzungumza polepole kwa sauti ya juu, kama mtu anayemwelekeza mtoto mchanga.

"BIBI! UNATAKA… NYANYA?"

Bibi alimsukuma mjukuu wake mbele. Wateja watano walikuwa pale, wote wanasikiliza. Masikio ya Pimamaji yaliwaka moto, lakini aliyasema yote: saa nne, daftari, ubao, komeo. "Bibi hakusahau kitu. Ni mimi."

Muuza mboga alishika mdomo. Bibi akamwambia, "Umesikia, mwenzangu? Sasa usinipazie sauti. Macho ndiyo mabovu, masikio yangu mazima. Na hizo nyanya za chini unazonificha, zilete juu."

Watu walicheka, na Bibi alicheka kuliko wote.

Waliporudi, Bibi alikanyaga ubao kwa uangalifu, akainama kuligusa gunia lililofunika nyayo, kama mtu anavyogusa kichwa cha mtoto aliyelala. Kisha akarudi nyuma akalisukuma komeo mpaka mwisho.

Ta!

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia, Bibi," Pimamaji alisema, akachukua ndoo kwenda kuyamwagia magunia maji.